Diocletian aliachia ufalme wa Roma kwa hiari au alisukumwa? Wajuzi wa historia njooni hapa

#1 Mshumaa wa Zege (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Nimekuwa nikisoma habari za makaisari wa Roma na kuna mmoja ananisumbua kichwa. Kuanzia mwaka 235 hadi 284 kiti kile kilikuwa cha moto: anayekikalia anauawa, na mara nyingi wauaji ni askari wake mwenyewe. Walionusurika upanga ni wa kuhesabu. Claudius wa Pili aliondoka na tauni mwaka 270, Valerian alitekwa na Waajemi mwaka 260 na hakurudi tena.

Anakuja Diocletian, mtoto wa familia ya chini kutoka Dalmatia, pwani ya Croatia ya leo. Anatawala miaka 20 na ushei. Halafu tarehe 1 Mei 305, yuko hai, hajashindwa vita, hakuna jeshi lililomzingira, anavua joho la zambarau, vazi la ukaisari, mbele ya askari na kurudi kwao kulima. Mwaka 308 wanamfuata wakimtaka arudi. Anawajibu kwamba wangeziona mboga alizozipanda Salona kwa mikono yake, wasingemletea habari hizo.

Swali: mtu anaachaje? Msimamo wangu ni kwamba hakuacha. Aliondolewa kistaarabu na msaidizi wake Galerius, aliyemtisha faragha, na hiyo ya kabichi ni hadithi ya kufunika aibu. Nawasilisha.

#2 Chapati Moto

Nakaa siti ya mbele na chai yangu. Huku kwetu mwenyekiti wa kamati ya maji hajaachia hata daftari la mahudhurio, sembuse Roma.

#3 Nondo za Jana

Mleta uzi umeruka jambo kubwa, ugonjwa.

Novemba 303 alikwenda Roma kusherehekea miaka 20 ya utawala. Watu wa mji ule wakamchosha kwa utani na kelele, akaondoka Desemba bila hata kusubiri mwaka mpya uingie. Njiani baridi na mvua. Akashikwa na maradhi ambayo hayakumwacha, sehemu kubwa ya safari akawa anabebwa kwenye machela. Desemba 304 akazirai Nicomedia, ndiyo Izmit ya Uturuki leo. Ikulu kimya, mji mzima ukaamini amekufa, minong'ono ikaanza kwamba kifo kinafichwa. Tarehe 1 Machi 305 akajitokeza hadharani, amekonda kiasi kwamba watu walimtambua kwa shida.

Miezi miwili baadaye kaachia. Mzee anakaribia miaka 60, mwili umegoma. Siri iko wapi hapo?

#4 Bi Kizito

Nondo asante, ila taja na uliyemtoa. Karibu yote uliyoandika yametoka kwa mtu mmoja, Lactantius. Alikuwa Mkristo, alifundisha hapo hapo Nicomedia, mateso ya 303 yalimkuta huko, na baadaye akawa mwalimu wa Crispus, mtoto wa Constantine aliyekuja kuwa kaisari. Kitabu chake kizima ni cha kuonyesha jinsi Mungu alivyowaadhibu makaisari waliotesa Wakristo. Unategemea aandike kwamba Diocletian alistaafu akiwa mzima na furaha zake?

Na mleta uzi usicheke, wewe naye unamtegemea huyo huyo. Stori ya Galerius kumtisha mzee faragha ni yake. Ati mzee akalia, akampinga Severus asipewe madaraka kwa kuwa ni mlevi anayegeuza usiku kuwa mchana, mwisho akanywea na kusema basi na iwe hivyo. Hayo ni mazungumzo ya watu wawili chumbani. Lactantius aliyasikia wapi, alikuwa uvunguni?

#5 Chapati Moto

😂😂 Bi Kizito huyo. Watu wawili wamekuja na silaha moja.

#6 Mshumaa wa Zege

Bi Kizito, hata tukimtupa Lactantius wa chumbani, bado yuko Lactantius wa mlimani, na hilo lilitokea mbele ya jeshi zima.

Ni kilima nje ya Nicomedia, kuna nguzo yenye sanamu ya Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. Mzee anawaambia askari amechoka, anahitaji kupumzika. Kila mtu anamtazama Constantine, kijana wa Constantius ambaye ni msaidizi wa upande wa magharibi, amesimama pale jukwaani, wanajua ndiye atakayetajwa. Yanatajwa majina ya Severus na Maximinus. Watu wanatazamana: kabadilishwa jina au? Galerius ananyoosha mkono, anamsukuma Constantine nyuma na kumvuta mbele Maximinus Daia, mpwa wake. Diocletian anavua joho lake, anamvisha kijana huyo, anapanda gari la kukokotwa, anapitishwa katikati ya mji na kuondoka.

Severus rafiki wa Galerius, Daia mpwa wa Galerius. Watoto wa kuzaa wa wenzao, Constantine na Maxentius, wote wameachwa nje. Sasa hiyo sherehe iliandaliwa na nani?

#7 Kiranja Mkuu

Wote mnazunguka mbuyu. Mpango ulikuwepo miaka mingi kabla ya ugonjwa na kabla ya Galerius kupata kiburi.

Mosi, siku ile ile ya 1 Mei, Maximian aliyekuwa mwenzake wa upande wa magharibi alivua joho Milan. Kutoka Nicomedia hadi Milan ni safari ya wiki kadhaa. Huwezi kupanga hilo kwa hasira za mezani. Na Maximian hakutaka kabisa, ikabidi aapishwe katika hekalu la Jupiter kule Roma.

Pili, jumba la Split. Kuta za karibu meta 215 kwa 180, kilomita chache tu kutoka Salona, lilianza kujengwa miaka kadhaa nyuma. Mtu hajengi vile kwa miezi miwili ya kusukumwa.

Tatu, muundo wenyewe. Mwaka 286 alimpandisha Maximian kuwa Augustus, yaani kaisari mkuu, mwenzake. Mwaka 293 wakaongeza wasaidizi wawili, Constantius na Galerius. Wasaidizi wawe warithi, wakubwa wapishe, warithi nao watafute wasaidizi. Mfumo wa namna hiyo haujulikani kama unafanya kazi mpaka mkubwa mmoja apishe akiwa hai.

#8 Mkulima wa Soni

Mimi siyajui ya Augustus, ila kabichi nalima. Hakuna mtu anayelima kabichi kwa kupumzika. Leo viwavi, kesho majani yanaungua, mvua ikizidi inaoza moyo ungali unaitazama. Ukivuna, dalali anakwambia gari limejaa, acha kwa bei hii au rudi nazo nyumbani. Huyo aliyesema "kwa mikono yangu" alikuwa na vibarua. Mikono yake ilikuwa inaonyesha tu palipobaki magugu.

#9 Chapati Moto

Mkulima, meta 215 kwa 180 ni ekari tisa na ushei na bado ni nyumba tu, shamba hujafika. Muulize kama alikuwa na nafasi ya meneja.

#10 Bamvua

Nimefika Split mara kadhaa nikiwa baharia kwenye meli za watalii, nisimulie kidogo.

Msije mkafikiri ni magofu yamezungushiwa kamba. Watu wanaishi mle. Nguo zinaanikwa juu ya vichochoro vya Diocletian, kuna mabenki, kuna vibaraza watu wanakunywa kahawa wameegemea nguzo za granite zilizoletwa kutoka Misri. Lilipokosa mwenyewe, watu wa Salona waliokuwa wanakimbia uvamizi karne ya 7 waliingia ndani ya kuta na hawakutoka tena. Chini kuna kumbi za mawe zilizofuata ramani ya vyumba vya juu vya mzee. Zimesalia vizuri kwa sababu watu wa juu walikuwa wanatupia taka humo mpaka zikajaa. Kuna sphinx nyeusi (sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu) kutoka Misri pale uani, nzima. Nyingine zilikatwa vichwa.

Lakini kilichonichekesha ni kaburi. Alijijengea la pembe nane, amelala mle na heshima zake. Leo ndilo kanisa kuu la mji, na limewekwa chini ya Mtakatifu Domnius, askofu wa Salona aliyeuawa mwaka 304 wakati wa utawala wake. Mzee katolewa, mtu aliyeuawa kapewa nyumba.

#11 Mkulima wa Soni

Bamvua asante. Kumbe hata mabaharia mnashuka kuona vitu, sisi tunajua mnashuka kwa mambo mengine.

#12 Kipanga Mweusi

Mbona mnapata shida kuamini? Mwalimu Nyerere aling'atuka Novemba 1985, hajashindwa uchaguzi, hakuna aliyemwekea bastola. Akarudi Butiama, akalima. Hata 1962, wiki chache baada ya uhuru, alishaacha uwaziri mkuu akaenda kujenga chama. Watu wa hivyo wapo, ni vile tumezoea wale wengine.

#13 Bi Kizito

Kipanga, mfano wako unakurudi mwenyewe. Mwalimu aliacha urais 1985 lakini uenyekiti wa CCM alibaki nao hadi 1990. Huku kuacha kiti, huku kuacha sauti.

Na ndicho ninachokiona kwa Diocletian. Novemba 308 mambo yameharibika, wanaojiita kaisari hawahesabiki, Galerius anamwita mkutanoni Carnuntum, Austria ya leo. Mkulima wa mboga akafunga safari akaenda! Akakaa nao, Licinius akateuliwa kuwa kaisari mpya, Maximian aliyekuwa amerudi madarakani akaambiwa avue tena. Hapo ndipo penye stori ya mboga. Aliyestaafu kweli kweli haitwi kwenye kikao cha kugawa dola.

#14 Kiranja Mkuu

Bi Kizito, kwenda kikao kimoja akitoka kwake baada ya miaka mitatu, tena akakataa kiti alichopewa bure, ni ushahidi wa upande wangu.

#15 Duka la Kona

Samahani naingilia. Huyu si ndiye aliyepanga bei za vitu vyote?

#16 Nondo za Jana

Ndiye. Amri ya mwaka 301, bidhaa na huduma zaidi ya 1,000, kila kimoja na bei ya juu kabisa, atakayezidisha adhabu yake kifo. Ratili ya Kirumi ya nyama ya nguruwe denari 12, ya ng'ombe 8. Kibarua wa shamba denari 25 kwa siku pamoja na chakula. Kinyozi 2 kwa kichwa. Mwalimu wa kusoma na kuandika 50 kwa mtoto kwa mwezi. Simba dume wa daraja la kwanza 150,000. Nakala zilichongwa kwenye mawe, vipande vimeokotwa sehemu nyingi, hasa upande wa mashariki.

#17 Duka la Kona

Na vitu vikapotea sokoni?

#18 Nondo za Jana

Lactantius (Bi Kizito usinipige) anasema watu waliuana kwa vitu vya senti, wauzaji wakaogopa kuweka chochote nje, uhaba ukawa mbaya kuliko mwanzo, sheria ikaachwa yenyewe.

#19 Duka la Kona

Sihitaji Lactantius. Ikitangazwa bei elekezi ya sukari asubuhi, mchana sukari iko uvunguni. Marehemu baba alikuwa na duka mwaka 1983 wakati wa msako wa walanguzi, alikuwa anaamka usiku kuhamisha katoni za sabuni ambazo alizinunua kihalali kabisa, kwa hofu tu. Jirani yake alizitupa zake mtoni. Sasa mimi naongeza sababu yangu: mzee aliona uchumi umemshinda, akasema niwaachie wenyewe kabla lawama hazijanifika.

#20 Kiranja Mkuu

Mwenye duka, uchumi ulimshinda 301, aliondoka 305. Na ile sarafu ilianza kuharibika kabla hajazaliwa, makaisari walikuwa wanapunguza fedha ndani yake mpaka ikabaki shaba iliyopakwa. Yeye alijaribu kutoa sarafu safi za dhahabu na fedha, hazikutosha.

#21 Duka la Kona

Miaka minne ya lawama ni michache? Wewe hujawahi kukopesha mtaani.

#22 Mshumaa wa Zege

Turudi. Kuna aliyegusa Wakristo, mimi nadhani hapo nako pana kitu. Februari 303 kanisa la Nicomedia linabomolewa, na ikulu yenyewe inashika moto mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Vitabu vinachomwa, makasisi wanafungwa. Lactantius huyo huyo anasema Galerius ndiye aliyeshinikiza na mzee alikuwa anasitasita. Miaka miwili baadaye kampeni haijafika popote. Inawezekana alichoka kubeba vita visivyo vyake.

#23 Bi Kizito

Visivyo vyake? Jina lililobaki ni lake. Wakopti, Wakristo wa Misri, hadi leo wanahesabu miaka kuanzia 284, mwaka aliotawazwa, wanauita mwaka wa mashahidi. Misri ilimjua tangu alipoizingira Alexandria mwaka 297 hadi 298 kukomesha uasi. Kuna hadithi ya kale kwamba aliapa askari wasiache kuua mpaka damu ifike magotini mwa farasi wake, farasi akajikwaa akapiga magoti papo hapo kwenye damu, ikabidi asimamishe. Watu wa mji wakamjengea sanamu huyo farasi. Hadithi ni hadithi, lakini mtu anayesimuliwa hivi hakuwa mzee anayesitasita.

#24 Chapati Moto

Farasi ndiye aliyekuwa na busara kwenye uzi huu mpaka sasa.

#25 Kipanga Mweusi

Kuna mwingine Ulaya aliyeachia kwa hiari? Au ni huyu tu?

#26 Nondo za Jana

Charles wa Tano. Kaisari wa Dola Takatifu la Roma, mfalme wa Hispania, mwenye makoloni Amerika. Tarehe 25 Oktoba 1555 Brussels alisimama mbele ya wakuu wa Uholanzi akiwa ameegemea bega la kijana William wa Orange, akasoma hotuba ya kuaga, ukumbi mzima ukalia. Hispania akampa mwanawe Philip, upande wa Ujerumani ukaenda kwa ndugu yake Ferdinand. William aliyeegemewa bega ndiye aliyekuja kuongoza uasi dhidi ya huyo Philip.

Akaenda Yuste, Hispania, akajengewa nyumba iliyoshikana na monasteri ili alale kitandani huku anaiona altare. Alikuwa na ugonjwa wa jongo mbaya sana. Wanasayansi walikipima kidole chake kilichohifadhiwa wakazikuta chembe za jongo zimekula mfupa. Na bado alikwenda Yuste na mtengeneza bia wake. Akafa 21 Septemba 1558, inasemekana kwa malaria.

#27 Mkulima wa Soni

Kaisari wa Ulaya kafa kwa malaria? Karibu chamani.

#28 Njia Panda Tunduma

Mkisema makaisari walioachia msimsahau wa kwetu, yule wa Mjerumani. Kilele cha Kibo kiliitwa kwa jina lake tangu Hans Meyer alipokifikia mwaka 1889 hadi tulipokiita Uhuru 1961.

Wilhelm wa Pili, tarehe 9 Novemba 1918 kansela wake Max wa Baden alitangaza kwamba kaisari ameachia kiti, mwenyewe hajakubali bado. Siku iliyofuata akavuka mpaka kuingia Uholanzi. Huku kwetu von Lettow, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, na askari wake wako porini Rhodesia ya Kaskazini, hawana habari. Walikuja kujua vita vimekwisha baada ya kumkamata mjumbe wa Waingereza mwenye pikipiki. Tarehe 25 Novemba wakaweka silaha chini pale Abercorn, sasa Mbala, Zambia, si mbali na mpaka wetu. Sasa angalieni: hati ya kuachia kiti Wilhelm aliisaini 28 Novemba. Askari wa Kinyamwezi na Kisukuma kanyang'anywa bunduki, bosi hajaandika barua ya kuacha kazi!

#29 Chapati Moto

Na mshahara wa miezi ya mwisho je? Usinijibu, najua.

#30 Kiranja Mkuu

Mkuu wa Tunduma umeandika vizuri, ila huyo hakuachia, alikimbia. Akanunua nyumba Doorn, akaletewa samani kwa mabehewa, akawa anakata miti kila siku mpaka akafa 1941 akisubiri kuitwa. Alitumia zaidi ya miaka 20 akiwaza kurudi. Diocletian aliitwa akakataa. Maximian hakuweza kukaa hata miaka miwili, alirudi, akavuliwa, akajaribu tena kumpindua mkwewe Constantine, mwaka 310 akaishia kamba shingoni. Ndiyo maana nasema mpango ulikuwa wa Diocletian peke yake, wengine waliburuzwa.

#31 Mshumaa wa Zege

Kiranja, Galerius naye? Alijenga lake kwao Serbia, Romuliana, kalipa jina la mama yake.

#32 Kiranja Mkuu

Asante kwa kunisaidia! Hata Galerius inasemwa alikusudia kupumzika akifikisha miaka 20. Alikufa 311 kabla haijatimia. Ukiwa na wawili wanaojenga nyumba za uzeeni vijijini kwao, huo ni utaratibu uliokubaliwa.

#33 Bi Kizito

Au ni watu wawili wanaopenda kujenga kwao, kama kila mtu aliyepata hela.

Mimi kinachonizuia kukubali habari za mzee mwenye amani na bustani yake ni mkewe na binti. Prisca na Valeria hawakwenda naye Salona, au kama walikwenda hawakukaa. Valeria alikuwa mke wa Galerius. Galerius alipokufa, Maximinus Daia akataka kumwoa mjane, eda haijaisha. Kakataa. Akanyang'anywa mali, akafukuziwa Syria na mama yake. Diocletian akatuma watu kuomba binti arudishwe. Akakataliwa. Akatuma tena, na tena. Yule Daia ndiye aliyevishwa joho la mzee siku ile kilimani! Alivua mwenyewe akamvisha. Baadaye Licinius akawakamata wote wawili Thessalonica wakakatwa vichwa, miili ikatupwa baharini.

Sasa kama alipanga miaka mingi kama Kiranja anavyosema, alipangaje akasahau kumwekea binti yake hata ulinzi?

#34 Kipanga Mweusi

Hii sikuijua. Imeniharibia jioni.

#35 Kiranja Mkuu

Alimwoza kwa mrithi wake mkuu. Wakati ule ulinzi gani ulizidi huo?

#36 Mshumaa wa Zege

Na yeye mwenyewe alikufaje? Naona miaka inatofautiana, 311, 312, 313 hadi 316.

#37 Nondo za Jana

Wanabishana. Lactantius anasema sanamu zake zilivunjwa pamoja na za Maximian, akakosa usingizi na chakula kwa majonzi mpaka akafa. Mwingine anasema Constantine na Licinius walimwalika harusini, akajitetea kwa uzee, wakamjibu kwa barua ya vitisho, akanywa sumu.

Hata baada ya kuzikwa hakukutulia. Ammianus, mwanahistoria wa Kirumi, anaeleza kisa cha karne ile ile: mke wa mtu mmoja anayeitwa Danus alimshtaki mumewe kwamba ameiba joho la zambarau kaburini kwa Diocletian. Kuwa na kitambaa hicho peke yake ni uhaini, watu wakateswa. Kuja kuchunguza, mwanamke alikuwa na uhusiano na ofisa mkubwa aitwaye Rufinus, wakatunga kesi ili mume aondoke. Wote wawili wakahukumiwa kifo.

#38 Bamvua

Kwa hiyo joho liliibwa au halikuibwa? Maana pale kanisani nilitafuta hata jeneza, hakuna.

#39 Chapati Moto

Mods, hii ya Danus na Rufinus ihamishiwe jukwaa la mahusiano, nina maswali.